Safari ya mafunzo ya picha kwa simu Mji Mkongwe: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro na ninapenda sana kupiga picha kwa simu. Picha zangu ni safi na zina rangi nzuri, lakini zinafanana na za kila mtu, wala sioni sanaa ndani yake. Kikundi chetu cha watu 12 kimetoa malipo ya awali kwa ajili ya safari ya mafunzo ya siku tano Zanzibar, siku nne Mji Mkongwe na siku moja pwani ya mashariki, chini ya mkufunzi mmoja. Simu yangu ni ya bei ya kati, ina kamera tatu, na nimeitumia kwa miaka mitatu. Je, ninunue simu mpya kwanza? Safari ya namna hii inaweza kweli kumfundisha mtu sanaa, au ni matembezi yaliyopewa jina la mafunzo? Na nitapataje picha iliyo yangu wakati watu 12 tumesimama mbele ya mlango mmoja?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na simu, kwa kuwa hilo ndilo swali lako lenye jibu fupi: usinunue nyingine. Mwaka 2012 Wamarekani wawili, mpiga picha Peter DiCampo na mwandishi Austin Merrill, walipokuwa Ivory Coast wakiripoti hali ya nchi baada ya vita vilivyofuata uchaguzi, walianza kupiga kwa simu zao mambo ya kila siku ambayo habari za vita huyaacha nje. Picha hizo ndizo zilizozaa mradi wa Everyday Africa, ambao baadaye ulipokea wapiga picha wa nchi nyingi za bara letu na kuigwa katika mabara mengine. Simu za mwaka ule zilikuwa dhaifu kuliko hiyo uliyonayo karibu kwa kila kipimo, na picha zake za gizani zilijaa chengachenga. Lakini mtu anayezitazama leo haulizi zilipigwa kwa simu gani, kwa sababu anachokiona ni mahali mpigaji aliposimama na jambo aliloamua kulitazama.

Unachohitaji ni kuijua vizuri simu hiyo kabla ya kupanda boti. Katika simu nyingi za bei ya kati, kamera ya tatu ni ya kupigia vitu vya karibu sana, aghalabu yenye megapikseli 2 tu, nawe unaweza kuisahau bila hasara yoyote. Kamera ile pana zaidi huvuta kingo za picha na kuzipindisha, na mwanga ukipungua hushindwa mapema kuliko kamera kuu. Kwa hiyo kamera yako ya kazi ni moja, ile kuu, na upana wake wa kuona ni kama ule wa lenzi ya milimita 24 hadi 27 katika kamera za filamu. Maana yake ni kwamba inaona mambo mengi kwa mara moja, na ukimsogelea mtu chini ya mita moja pua yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na ukivuta picha kwa vidole viwili simu hukata tu sehemu ya katikati na kuitanua. Kihisi cha mwanga ndani ya simu ni kidogo mno na lenzi yake ni fupi, kwa hiyo huwezi kuificha mandhari ya nyuma katika ukungu kama wafanyavyo wenye kamera kubwa. Ile hali ya kupigia sura za watu, yenye kutia ukungu huo kwa hesabu, hukisia mpaka wa kichwa na mara nyingi hukata ncha ya kofia au ukingo wa mtandio. Nasema haya ili ujue sanaa yako itatokea wapi. Itatokea katika kuchagua kilicho nyuma ya mtu, umbali, mwanga na wakati wa kubonyeza, na hayo yote yanategemea miguu na macho yako.

Ama kuhusu picha zako kufanana na za kila mtu, sababu moja iko ndani ya simu yenyewe na watu wengi hawaijui. Unapobonyeza mara moja, simu haipigi picha moja. Hupiga kadhaa kwa haraka, nyingine zenye giza na nyingine zenye mwanga, kisha huziunganisha ili vivuli vifunguke na anga isipauke. Imeundwa ili isiache kona yoyote yenye giza, na kwa uamuzi huo huondoa kile ambacho wachoraji na wapiga picha wamekitegemea tangu zamani, yaani kivuli. Picha yenye mwanga sawasawa kila mahali haimwambii mtazamaji aanzie wapi. Dawa yake ni rahisi: gusa kioo kwenye sehemu yenye mwanga mkali, shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo chake, kisha telezesha kidole kuelekea chini ili kupunguza mwanga mpaka vivuli virudi kuwa vivuli. Fanya hivyo nyumbani kwa wiki mbili, asubuhi na jioni, mpaka kidole kikuongoze bila kufikiri, kwa sababu katika safari hakutakuwa na nafasi ya kutafuta kitufe.

Jambo hilo lina uzito wa pekee tunapopiga sura za watu weusi. Katika enzi ya filamu, kadi za majaribio ambazo kampuni ya Kodak ilizisambaza kwa maabara zilionyesha wanawake weupe, na rangi zilirekebishwa kufuata ngozi zao. Kampuni za simu zimeanza kulishughulikia jambo hili hivi karibuni tu, kwa mfano Google ilipotoa Real Tone, mfumo wa kuonyesha rangi ya ngozi kwa usahihi zaidi, katika simu za Pixel mwaka 2021. Simu nyingi bado huiona ngozi nyeusi kuwa ni kosa la mwanga, huing'arisha na kuifanya kijivu. Mwonyeshe mtu alivyo: gusa uso wake, funga kipimo, punguza mwanga kidogo, na utaona weusi wa ngozi ukirudi pamoja na ule mng'ao wake kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Kwa maoni yangu hakuna zoezi la kiufundi lenye faida kubwa kuliko hili kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Safari ya mafunzo inaweza kumfundisha mtu sanaa, na nimeona ikifanya hivyo, lakini kinachofundisha si maeneo mnayopelekwa bali ni saa mnazokaa pamoja kuzitazama picha mlizopiga, na ruhusa ya kurudi mahali palepale siku ya pili na ya tatu. Ratiba nyingi huandaliwa kinyume chake. Asubuhi ni soko la Darajani, kisha Mkunazini kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, kisha Ngome Kongwe, kisha mashamba ya viungo, na jioni bustani ya Forodhani iliyo kando ya bahari. Kila mahali ni dakika 40, kila mtu anarudi na picha mia tatu, na usiku wote wamechoka wanalala. Hayo ni matembezi mazuri, nami siyadharau, ila hayawezi kukufundisha kuona, kwa kuwa mara ya kwanza mahali popote macho huona kile ambacho yamekwisha kukiona kwenye picha za wengine. Mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba unaupiga kwa sababu ulishauona kwenye kalenda. Siku ya pili mlango ule umekwisha kukuchosha, na hapo ndipo unapoanza kuona kivuli cha waya wa umeme kikikatiza ubao wake, au mtoto aliyeacha ndala moja kizingitini.

Kwa hiyo nakushauri, hata kama ratiba ni ya kukimbia, ujichagulie kichochoro kimoja tangu siku ya kwanza, pengine upande wa Kiponda au Sokomuhogo, ukirudie kila siku kwa saa nzima na kwa saa tofauti. Tumia kamera kuu peke yake. Jiwekee ukomo wa picha 20 kwa kila ziara, wala usifute hata moja mpaka urudi Morogoro, kwa sababu picha unayoiona mbovu mchana huo mara nyingi ndiyo yenye jambo jipya ambalo macho yako hayajalizoea.

Mji Mkongwe unastahili uvumilivu huo kwa sababu mwanga wake una tabia zake, nazo ni tofauti na zile zinazofundishwa katika mafunzo mengi ya picha, ambayo yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini. Huko husemwa kwamba mtu apige saa ile ya jua la dhahabu, baada ya mawio na kabla ya machweo, na mchana alale. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua huchomoza na kuzama karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo toka lilipo nyuzi 6 juu ya upeo wa macho mpaka lizame ni dakika 25 tu hivi. Mkichelewa hotelini kwa ajili ya chai, mwanga ule umekwisha. Baada ya machweo nako giza huingia upesi. Mnapata kama dakika 20 za anga ya buluu, na ndani yake ziko dakika chache mno ambazo taa za wauza chakula pale Forodhani zinalingana nguvu na mwanga wa anga, picha ikapata rangi mbili bila upande mmoja kuumeza mwingine. Chagueni mahali pa kusimama kabla ya dakika hizo, msianze kupatafuta wakati huo. Na kwa kuwa mji huu unatazama magharibi, vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani jioni huwa kati yako na jua: funga kipimo kwenye anga, punguza mwanga, na miili yao itakuwa vivuli vyenye umbo kamili. Subiri mpaka pawe na nafasi ya anga kati ya mwili mmoja na mwingine, maana vivuli vikigusana hugeuka kuwa donge.

Lakini utajiri wa kweli wa Mji Mkongwe uko kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, muda ambao waandaaji wengi huutumia kwa chakula na mapumziko. Nyumba ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo asubuhi mapema humo ndani ni kivuli kitupu. Jua huingia linapopanda juu, tena mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba hupita karibu utosini kabisa. Linapopiga ukuta mmoja wenye chokaa, ukuta ule hulirudisha kwenye ukuta wa pili na kwenye uso wa mtu aliyeketi barazani, na mwanga huo wa kurudishwa ni laini kuliko taa yoyote ya studio. Mtu aliyesimama hatua moja ndani ya mlango, akitazama nje, hupata mwanga uleule, huku nyuma yake chumba kikiwa giza. Katika saa hizohizo, mahali ambapo jua linapenya moja kwa moja na kuacha mstari mkali sakafuni, fanya kama alivyofanya Fan Ho katika vichochoro vya Hong Kong miaka ya 1950 na 1960: tafuta mwanga kwanza, upange fremu yako, kisha usimame usubiri mtu aingie. Kadhalika Alex Webb, mpiga picha wa Marekani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha picha nyeusi na nyeupe akahamia rangi baada ya kukutana na jua kali la Haiti na nchi za joto. Picha zake zinaonyesha kwamba jua la mchana, likiachiwa vivuli vyake viwe vyeusi tii, hugawa picha kuwa vyumba vyenye watu tofauti kila kimoja. Tazameni kazi za hawa wawili usiku wa kwanza, mkiwa pamoja. Zitawafaa kuliko somo lolote la vitufe.

Na kwa kuwa mtakuwa hapo hapo, tazameni pia picha za wenyeji waliotangulia. Zanzibar ilikuwa na studio za wapiga picha tangu karne ya 19, nyingi zikiwa za watu wenye asili ya Goa, India, kama A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliirithi. Angalieni jinsi watu walivyokaa mbele ya kamera zile, mikono ilipowekwa, na jinsi ukuta mtupu ulivyotosha kuwa mandhari. Sisi tunaobonyeza bila kulipia filamu tumepoteza utulivu ule, na unaweza kujifunzwa upya kwa simu, mtu mmoja, ukuta mmoja, na dakika kumi za mazungumzo kabla ya picha.

Pwani ya mashariki inahitaji jedwali la maji kujaa na kupwa kuliko inavyohitaji saa ya jua. Tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, hufika karibu mita 4, na bahari hurudi nyuma mbali sana na ufuo. Kwetu bamvua ina desturi ya kupwa majira ya saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hapo ndipo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wengi wao wakiwa wanawake, wanapoingia mashambani. Kilimo hicho cha biashara kilianzia hapo mwaka 1989. Kwa hiyo mkipelekwa siku ya maji mafu, ambayo maji hupwa kidogo tu, au mkifika jioni, mtapata ufuo mzuri na mashamba yaliyofunikwa na maji. Mwambieni mwandaaji aipange siku hiyo kwa kufuata mwezi, siku chache kuzunguka mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Jua litakuwa juu, lakini msilihofu: mchanga mweupe na maji ya kina kifupi huurudisha mwanga kutoka chini, ukaingia hadi usoni mwa aliyejitanda mtandio au kuvaa kofia pana. Hao ni watu walio kazini na maji hayawasubiri. Msiwasimamishe wapige pozi, msikanyage kamba zilizofungwa kwenye vijiti, na mkiweza bebeni mafungu ya mwani pamoja nao kabla ya kutoa simu mfukoni.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la watu 12. Watu 12 wakimzunguka mvuvi mmoja, au mama mmoja anayesuka ukili, hapatoki picha hata moja: mtu yule si mvuvi tena, anageuka kuwa mtu aliyezungukwa, na uso wake unaonyesha hivyo. Zaidi ya hayo ni ukosefu wa adabu, na waandaaji wanaoruhusu jambo hilo hawafai kuitwa wakufunzi. Ombeni kikundi kigawanywe wawili wawili. Wawili wanaweza kuketi barazani, wakanunua kahawa pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, wakasalimiana na wazee, wakaulizwa wametoka wapi na wakajibu. Baada ya nusu saa simu ikitolewa haimshtui mtu. Wewe unayo lugha, na hiyo ni hazina ambayo wageni wengi wanaolipia safari kama hizi hawana. Itumie. Sema wazi unataka kumpiga mtu picha na utaipeleka wapi, na akikataa shukuru na uendelee kuzungumza naye kama kwamba picha haikuwahi kutajwa. Kwa wanawake kuwa mwangalifu maradufu, kwa watoto omba ruhusa ya mzazi au mlezi, na mahali pa ibada uliza kabla ya kuinua mkono. Kabla ya kuondoka chapisha nakala kadhaa katika studio yoyote ya mjini na uwarudishie wenyewe.

Kuhusu kuwa na picha yako mwenyewe, mimi sidhani kwamba unapaswa kukimbilia mahali ambapo wenzako hawapo. Mkisimama wote mbele ya mlango mmoja, piga picha moja ya mlango ili roho itulie, kisha ugeuke uutazame upande ambao mlango unautazama, maana huko ndiko kwenye maisha ambayo mlango ule umeyaona kila siku. Halafu jiulize nini hasa kinakuvuta. Mwalimu wa shule ya msingi huona mambo ambayo mhasibu haoni: namna mtoto anavyobeba mfuko wa chuo cha Kurani, namna mkubwa anavyomshika mdogo mkono wakivuka njia yenye pikipiki, madaftari yaliyoanikwa juani. Ukilifuata jambo moja kama hilo kwa siku zote tano, utarudi na mfululizo wa picha sita au nane zinazosemezana, na mfululizo huo hautafanana na wa mtu yeyote, hata kama mlipita njia zilezile kwa saa zilezile.

Nirudi kwenye vikao vya kuhakiki picha, kwa sababu kwangu hilo ndilo kipimo cha safari nzima. Kila mshiriki alete picha tano za siku hiyo, asizidishe. Kuchagua tano kati ya mia ni nusu ya somo. Zionyeshwe ukutani kwa projekta au kwenye televisheni ya hoteli, maana kioo cha simu huficha makosa. Mpigaji anyamaze kwanza, wengine waseme wanachokiona, jicho lao limeanzia wapi na limetokea wapi, na kitu gani ukingoni kinawasumbua. Kisha ndipo mpigaji aseme alikusudia nini. Nafasi iliyopo kati ya kile alichokusudia na kile walichokiona ndiyo anayokwenda kuifanyia kazi kesho yake. Watu 12 kwa picha tano ni picha 60, na kwa dakika mbili tu kila moja ni saa mbili kamili. Mkufunzi asiyetenga saa mbili kila siku hawezi kuwahakiki nyote, hata awe hodari namna gani.

Uhariri nauweka mwisho kwa makusudi, na nitasema machache. Nyoosha mistari ya kuta, kata kingo zisizo na kazi, punguza ukali na rangi ambazo simu imeziongeza, na ukibadilisha picha kuwa nyeusi na nyeupe iwe kwa sababu mwanga wake ndio unaosema, wala usiufanye kuwa njia ya kuokoa picha dhaifu. Faili ghafi (RAW), yaani picha ambazo simu haijazichakata, zina manufaa kwa anayehariri kwa bidii, lakini moja yaweza kufika MB 25 au zaidi, na simu ya miaka mitatu itajaa upesi. Mimi ningekushauri uanze bila hizo. Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba kila asubuhi na kila mnapotoka baharini, kwa sababu chumvi na mafuta ya vidole hutanda utando unaofanya taa zote za usiku ziwe na miale. Ukitoka katika chumba chenye kiyoyozi, lenzi itapata ukungu wa joto la nje. Ipe dakika kadhaa. Beba pawabenki, na mchana usiiache simu juani, kwani ikipata joto hupunguza mwanga wa kioo chake na hutaona unachopiga.

Kabla ya kumalizia malipo, mwandikieni mwandaaji kwa pamoja. Mwombeni ratiba ya kila siku yenye saa, mkaangalie saa za kuhakiki picha ni ngapi na ni mara ngapi mnarudi mahali mlipokwisha kufika. Mwombeni awaonyeshe picha za wanafunzi wake wa safari zilizopita, maana picha zake mwenyewe zinaonyesha tu kwamba yeye anajua kupiga, nazo hazisemi kama anajua kufundisha. Ulizeni kama atakuwapo mkufunzi wa pili, kwa kuwa mtu mmoja vichochoroni hawezi kuwafuata watu 12. Wakiwa wawili, kila mmoja na watu sita, kila mshiriki atasimamiwa akiwa kazini. Ulizeni wenyeji watakaopigwa picha kwa mpango maalumu wanalipwa kiasi gani na nani anawalipa. Na kama ratiba ina maeneo manne au matano kwa siku, mwombeni ayapunguze yawe mawili na muda uliobaki uwe wa vikao. Mko 12, mmekwisha kutoa malipo ya awali, na mwandaaji makini atalikubali ombi hilo kwa urahisi kwa sababu halimgharimu chochote. Akilikataa, ombeni mrudishiwe fedha kwa mujibu wa masharti mliyopewa, mkodi nyumba ya wageni Mji Mkongwe kwa siku zilezile, mtafute mpiga picha wa Zanzibar aliye tayari kukaa nanyi kila jioni kwa malipo mtakayokubaliana, na mzifuate saa za mwanga na za maji kama nilivyokuandikia.